Njia Mbili za Mwanga Mmoja

Mwanangu Doto,

Sitakuuliza hali, maana mchana huu nimekuona kwa macho yangu ukimaliza ugali wa watu wawili na kuulizia samaki aliyebaki. Nakuandikia ungali hapa hapa Segese. Begi lako limeegemea ukuta karibu na mlango, na wewe na dada yako mmekwenda kumuaga mama yenu kaburini. Nimekataa kufuatana nanyi nikisingizia goti. Goti langu ni zima kabisa, ila nilitaka nyumba iwe tupu kabla jua halijatua nipate kuandika.

Hapa hutakuta habari za sweta, wala za pasipoti ikae mfuko gani, wala za kutokula ovyo ndani ya ndege. Shangazi yako amekutumia hayo kwenye simu tangu Jumapili na bado anaendelea. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka miaka kumi na mitatu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Unanijua, mimi ni mtu wa karasha. Maisha yangu yote nimezungumza nikishindana na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ya watu, hata chumvi naiomba kwa kelele. Kuna maneno hayasemeki kwa sauti ya namna hiyo, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nianze na lililo jepesi. Nitakukumbuka mpaka niumwe. Nimeanza tayari, hujatoka hata mlangoni. Asubuhi nilikuta kikombe chako kimeachwa juu ya ndoo, kama kawaida yako, nikataka kukufokea, nikakumbuka kwamba keshokutwa nitakitafuta juu ya ndoo nisikione. Nakumbuka ulivyokuwa kidato cha kwanza, ukija likizo unapiga kelele kutoka dirishani, "Baba, zima karasha, nasoma!" Nami nikijibu kwamba mawe ya watu hayajui fizikia. Leo ningeizima mwezi mzima ili nisikie tu kurasa zako zikigeuka. Ujerumani ni mbali, Doto. Miaka minne ni mingi kwa mtu wa umri wangu, na wewe utarudi na maneno ambayo sitayajua, na pengine mume ambaye sitaweza kumtania.

Sasa nirudi Desemba, ulipotukalisha uani ukatufundisha kazi unayokwenda kuifanya. Nadhani wewe umeshaisahau siku ile. Uliniuliza, "Baba, wewe dhahabu unaijuaje?" Nikakujibu kwa rangi, kwa uzito, na nikiwa na mashaka, kwa jino. Ukacheka. Ukasema ninyi maabara mnaitandaza juu ya kioo, nyembamba kiasi kwamba mimi, mchenjuaji wa miaka ishirini, nisingekubali kuiita dhahabu. Mnaimulika mwanga. Mwingine unaruka na kuja machoni kama mwanga wowote. Lakini upo unaobaki, unaotambaa juu ya ngozi ya dhahabu, usiomfikia mtu aliye mbali. Hata uwe na hadubini ya bei gani, ukikaa mbali nao huuoni. Ni lazima ushushe sindano yenye ncha ndogo kuliko chembe yoyote niliyowahi kuipoteza kwenye karai, uifikishe karibu kabisa, ndipo mwanga ule ujikwae kwenye ncha na kuruka kuja kwenye kifaa chenu.

Nikauliza, mkishaupata mnapima nini, mng'ao? Ukasema mng'ao ni nusu ya habari, nusu ya pili ni awamu. Nilipokunja uso ukageukia kwa jirani, walikokuwa wanatwanga. "Baba, tazama wale. Michi yao sawa, nguvu zao sawa. Wa huyu ukiwa juu, wa mwenzake uko chini. Wanachotofautiana ni mahali walipo kwenye mwendo. Hiyo ndiyo awamu." Hapo nilielewa, na nilijisikia msomi kwa muda mfupi.

Kisha ukasema tatizo ni kwamba kifaa hakijui mwendo, kinajua nguvu tu. Mwanga ukikifikia peke yake, uwe umewahi au umechelewa, kwake ni mamoja. Kwa hiyo mnachukua mwanga mmoja, mnaugawa kwa kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Nusu moja mnaipeleka kwenye sindano na dhahabu. Nyingine mnaipitisha njia yake mnayoijua vizuri. Halafu mnazikutanisha, na zikikutana ndipo inajulikana moja imechelewa kiasi gani nyuma ya mwenzake.

Kulwa alikuwa mkekani, anachagua mchele aliotuletea kutoka Kagongwa. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na hiyo njia mnayoijua, mnajuaje kwamba na yenyewe haijabadilika?"

Ulipiga makofi, Doto. Ukamwambia hilo ndilo linalowakosesha usingizi, kwamba hata mtu akiingia chumbani na joto la mwili wake, vyuma vinatanuka kidogo, njia inasogea, na uongo unaingia kwenye kipimo bila mtu kujua. Ukasema wenzako wengi hawakuuliza swali hilo mpaka vipimo vilipowaumbua. Halafu ukasema, kwa upendo wote, kwa sababu ulikuwa hujui, "Dada, wewe! Ungekaza kidogo tu darasa la saba, leo tungekuwa wawili maabara."

Kulwa alicheka. Akasema anakwenda kutazama maharage yasiungue. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Nami nikakuuliza ule mwanga uliochelewa una kasoro gani. Ukanijibu, "Hauna kasoro, baba. Ni mwanga ule ule. Tofauti yote ni ya njia tuliyoupitisha." Niliinuka nikaondoka, ukadhani nimechoka na somo. Nilisimama nyuma ya choo nikalia kama mtoto aliyechapwa, na nikaapa nitakwambia kabla hujaondoka. Tangu Desemba hadi leo nimekuwa naapa kila juma.

Basi sikiliza. Kulwa hakufeli darasa la saba.

Nipe nafasi nieleze, maana nikiacha hapo utatupa karatasi. Ninyi ni mabasa, na kwetu pacha hawagawanywi. Ukimpa huyu andazi, na huyu andazi. Mama yenu aliishika mila hiyo kuliko katekisimu. Mkiumwa, hata kama ni mmoja tu mwenye homa, wote wawili mlilazwa kitanda kimoja na kunyweshwa uji ule ule. Alipofariki mkiwa darasa la tano, nilibaki na watoto wawili, karasha moja, na mama yangu mzazi kule Kolandoto ambaye macho yake yalikuwa yameisha. Alikuwa anapapasa kuta. Mara mbili alijiunguza kwenye mafiga. Alihitaji macho ya mtu, na mimi nilikuwa siwezi kuacha machimbo, au ndivyo nilivyojiambia.

Niliwaambia jioni moja kwamba mmoja wenu ataenda kukaa na bibi kwa muhula mmoja. Wewe ulilia, ukajigaragaza, ukasema unakwenda kulala kaburini kwa mama. Kulwa aliuliza, "Niende na nguo zipi?"

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba Kulwa ndiye mkubwa, ametangulia kuzaliwa, ndiyo maana. Si kweli. Nilimchagua kwa sababu hakulia. Nilimtwisha mzigo yule aliyekuwa hanipigii kelele, na katika makosa yangu yote, pamoja na yale ya zebaki na ya pombe unayoyajua, hili ndilo kubwa. Asubuhi ya safari mlibadilishana ndala, kila mmoja akabaki na nyekundu moja na ya bluu moja. Niliona, nikajidai sikuona. Basi lilipoondoka ulilikimbiza mpaka kwenye daraja.

Muhula mmoja ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Mlifanya mtihani wa darasa la saba, wewe hapa, yeye kule. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, lako nililiona hapa, nikamnunulia kila aliyesimama dukani soda. La Kulwa nilikwenda kulitazama mwenyewe, kwa basi, kwa sababu wiki ile bibi yenu alikuwa na homa na Kulwa hakuweza kubanduka kando ya kitanda chake. Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni pa ofisi ya mwalimu. Nililisoma jina lake mara tatu. Mwalimu aliyekuwa pale akanipa mkono, akaniambia kwenye hesabu hakuna aliyemfikia mtoto wako.

Nilitembea kutoka shuleni hadi kwa mama kama nusu saa. Nilipotoka shuleni nilikuwa baba mwenye furaha. Katikati ya njia nikaanza kufikiri nani atamwongoza mama chooni, nani atampikia, mimi narudi Segese kesho. Nilipofika uani Kulwa alikuja mbio na mikono ina unga. Nikamwambia, "Jina halimo, mwanangu." Akasema, "Haya, baba." Akarudi ndani kusonga ugali.

Nikakwambia na wewe hivyo hivyo. Ulilia siku mbili, halafu shule ya bweni ikakumeza, na pole pole ukaanza kuamini kwamba dada yako si mtu wa vitabu. Sikukulazimisha kuamini. Sikukuzuia pia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na kwa Kulwa ilikuwa fupi kweli. Januari alikutana na yule mwalimu kisimani, akaulizwa mbona hajaripoti shule. Mimi nilipokwenda mwisho wa mwezi nilimkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, ananisubiri. Alikuwa na miaka kumi na minne. Aliniuliza swali moja tu, "Baba, lilikuwemo?" Nikasema lilikuwemo. Nikaanza kueleza habari za bibi, akanikatiza, akasema habari za bibi anazijua kuliko mimi. Halafu mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikamwomba mtoto yule asikwambie, ili usome kwa moyo mmoja. Akasema, "Doto akijua ataacha shule, aje huku. Sitamwambia." Na hakukwambia, Doto. Miaka yote hii, kila unapomtania, alikuwa anakulinda na kweli ambayo ingekurudisha nyumbani.

Ilikuwepo nafasi ya kurekebisha. Hiyo nayo nataka uijue, usije ukadhani maisha yalinibana kila upande. Mwaka uliofuata ningeweza kumpeleka. Shangazi yako alijitolea kukaa na bibi. Lakini kumpeleka Kulwa shule kungekuwa kukiri mbele ya mwalimu, mbele ya mama yangu, mbele ya jumuiya nzima kwamba nilidanganya. Niliionea aibu yangu huruma kuliko mtoto wangu. Nikamwambia shangazi yako kwamba Kulwa mwenyewe hataki.

Nakumbuka likizo moja ulipeleka kwa bibi madaftari yako ya zamani ya kuwashia moto. Hayakuwashiwa moto. Kulwa aliyasoma yote, na kwa kuwa bibi yenu alipenda kusomewa na hapakuwa na kitabu kingine isipokuwa cha sala, alimsomea fizikia yako kila jioni. Nilifika siku moja nikamkuta mama yangu kitandani, kipofu, mwenye miaka zaidi ya themanini, ananieleza kwa Kisukuma kwamba mwanga ukiingia majini unapinda. "Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "ulikuwa unalijua hilo?" Nilikuwa silijui. Tulicheka wote watatu. Nililala vibaya usiku ule, maana nilikuwa nimeona mwanafunzi wa namna gani niliyemfungia ndani.

Na hili la mwisho ni dogo, ila nadhani ndilo lililomuuma zaidi. Mimi hapa naitwa Baba Kulwa tangu mlipozaliwa, kwa sababu mkubwa ndiye anayempa mzazi jina. Ulipofaulu kwenda chuo kikuu, wachimbaji wakaanza kuniita Baba Doto. "Baba Doto, binti amekwenda wapi sasa?" Nikawa naitikia. Nikawa naipenda. Siku moja Kulwa alikuja na magunia yake ya mchele, akanisikia nikiitikia jina hilo mara mbili mfululizo karashani, mbele ya watu. Alishusha mzigo wake, akanisalimia, "Shikamoo, baba," akanihesabia magunia, akaondoka na gari lile lile alilokuja nalo. Kwa kawaida hulala.

Usinielewe vibaya, Kulwa si maskini wa kuhurumiwa. Biashara yake ya mchele pale Kagongwa inaheshimika, na akili zake watu wazima wanazifuata kuomba ushauri. Namwona anavyochukua punje kiganjani, anaipuliza, anakwambia imetoka bonde gani. Lakini mimi nimewatazama ninyi wawili kwa miaka, kila mnapokaa pamoja nikiwapima kimoyomoyo, huyu yuko mbele, huyu yuko nyuma, kana kwamba nyuma na mbele mlizaliwa nazo. Ulinifundisha Desemba, bila kujua unamfundisha nani, kwamba nilikuwa napima njia nilizowapitisha mimi mwenyewe.

Sikushauri kitu kwa haya. Nani ashauriwe na mtu kama mimi? Nakuomba tu, huko uendako, ukikutana na mtu aliyechelewa, uwe mpole kidogo kabla hujamtania. Na ukipata mahali umekosea, sema siku ile ile, aibu ikiwa bado ndogo. Yangu niliilea mwenyewe mpaka ikawa inakaa mezani na sisi.

Leo asubuhi ulipokwenda kusukwa nilimwita Kulwa. Nilimwambia nimeamua kukwambia. Alikuwa anapepeta, akaendelea kupepeta. Nikamweleza mpango wangu, kwamba nitaandika barua, nitaificha mfuko wa ndani wa begi lako, chini ya nguo, uje uikute ukishafika, ukishatulia, ukiwa mbali, ambako hasira haitakurudisha.

Akasimamisha ungo. Akasema, "Baba, ukimpa akaisomee huko, utakuwa umetutenganisha mara ya pili."

"Asome hapa," akasema. "Nikiwepo. Akitaka kulia alie na mimi. Akitaka kuacha safari, mimi ndiye nitakayempandisha basi. Si wewe."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama ninayo, kama yeye amenisamehe, ili niliandike na hilo. Akapepeta mara mbili zaidi. "Hilo usiliandike," akasema. "Bado halipo." Kisha akanitengea chai, akaniongezea sukari ninavyopenda, tukanywa.

Kwa hiyo mwanangu, hutaikuta barua hii kwenye begi. Kesho mkishaamka nitakupa mkononi kabla ya uji, na dada yako atakuwa amekaa mbele yako, akiyajua yote yaliyomo. Nakuona sasa hivi unavyosoma, umekunja miguu juu ya kiti kama mama yako. Nakupenda, Doto. Nimempenda Kulwa pia siku zote, na najua mtu atakayesoma haya anaweza kuuliza ni kupenda gani huko. Niulize. Nitajibu.

Mimi nitakuwa nje, uani. Sitasogea karibu na dirisha. Mkimaliza mkitaka kuniita, niiteni, nitakuja. Msiponiita nitaelewa, na begi nitalibeba vilevile hadi stendi, nikitembea nyuma yenu.

Baba